Je, Fizikia Imemaliza Kanuni Zake?

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Kalehe, Kivu ya Kusini

 

Kusudi langu ni moja. Nataka kujibu swali analouliza mwanafunzi mwerevu akifika mwaka wa mwisho wa sayansi, baada ya kumkariri Newton, Ohm, Faraday na Einstein kwa ajili ya mtihani wa Leta: je, zimebaki kanuni za msingi za fizikia ambazo bado hakuna aliyezigundua, au wenzetu wamekwisha kuvuna shamba lote, sisi tukabakizwa kuokota masazo? Jibu langu ni kwamba zimebaki. Silisemi kwa imani, wala kwa ule msemo mwepesi kwamba binadamu hajui yote. Nalisema kwa sababu kanuni tulizo nazo zimepimwa mpaka zikafika mahali ambapo hesabu haifungi, na mahali hapo panajulikana kwa jina, kwa mwaka na kwa kipimo.

Tupatane kwanza juu ya maneno haya, kanuni ya msingi. Chukueni mfano wa Ziwa letu la Kivu: lina kina cha mita 485, na huko chini limefungia methani kiasi cha kilomita za ujazo 60 na kaboni dioksaidi kiasi cha kilomita za ujazo 300. Kuanzia mita 80 hivi kwenda chini, maji yanazidi joto na yanazidi chumvi, tena hayachanganyiki: yamejipanga tabaka juu ya tabaka, mamia ya ngazi nyembamba, kama vitenge vilivyokunjwa na kupangwa kwenye meza ya sokoni. Vipimajoto vinavyoshushwa kwa waya huzisoma ngazi hizo moja moja. Ni ajabu kubwa, na ni jambo la hatari linalostahili mhadhara wake. Lakini halidai kanuni mpya. Joto husambaa upesi kuliko chumvi, maji mazito hukaa chini, gesi hushikiliwa na mgandamizo; mwalimu wa karne ya 19 angeyaelewa yote haya. Kanuni ya msingi ni ile isiyotokana na nyingine iliyo chini yake. Najua mtu atanitajia Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanganyika aliyeona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliokuwa moto uliwahi kuganda, akaja kuandika juu yake pamoja na Denis Osborne mwaka 1969. Wataalamu wanabishana juu yake hadi leo, na ubishi huo ni fizikia safi. Hata hivyo ni ubishi juu ya maji na baridi, mambo ambayo kanuni zake za chini tunazo. Swali letu la leo ni gumu zaidi: je, hizo za chini kabisa zimetimia?

Hoja ya kwanza ni ya historia, nami naishika kwa tahadhari. Mwaka 1894, mwanafizikia Albert Michelson alisimama Chicago akasema kwamba kanuni kuu za fizikia zimekwisha kuwekwa imara, na kwamba ukweli wa siku zijazo utafutwe kwenye tarakimu ya sita baada ya nukta. Mwaka 1895 Röntgen akagundua miali ya X. Mwaka 1896 Becquerel akaona kwamba urani inatoa miali yake yenyewe. Mwaka 1897 Thomson akaipata elektroni. Watu hupenda sana kisa hiki kwa kuwa kinamwaibisha mkubwa, halafu wanahitimisha haraka kwamba kila anayesema fizikia imekwisha atakosea vilevile. Huo si ushahidi. Aliyesema jana kwamba mvua haitanyesha, ikanyesha, hatuhakikishii mvua ya leo.

Kinachonivuta katika kisa cha Michelson ni kingine: nusu ya maneno yake ilikuwa sahihi. Kanuni mpya zilitokea kwenye tarakimu ndogo kweli. Yeye mwenyewe na Morley, mwaka 1887, walipima mwendo wa nuru kuelekea pande mbalimbali, wakaikosa ile tofauti ndogo iliyotazamiwa na kila mtu; kukosekana kwake kukaja kupata maana katika kazi ya Einstein ya mwaka 1905. Alikuwa na ufunguo mkononi akidhani ni kipimo kilichoharibika.

Hapa nawaomba mnivumilie kidogo, maana mbinu yote ya mhadhara huu imo katika sayari mbili. Uranus ilionekana kuiacha njia ambayo Newton aliiamuru. Mwanaastronomia Le Verrier akasema kuna sayari nyingine iliyofichika inayoivuta, akakokotoa mahali ilipo, na mwaka 1846 Neptune ikaonekana palepale. Kanuni ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kitu. Kisha Mercury nayo ikakataa kutii: njia yake ilikuwa ikigeuka zaidi ya hesabu kwa sekunde 43 za pembe katika karne nzima, na sekunde moja ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Le Verrier yuleyule, mwaka 1859, akatumia dawa ileile. Akaitabiri sayari iliyofichika karibu na Jua, ikapewa hata jina, Vulcan. Haikuonekana, kwa sababu haikuwepo. Mara hii kitu hakikukosekana. Kanuni ndiyo iliyofika mwisho wake. Mwezi wa Novemba 1915 Einstein akazipata zile sekunde 43 kutoka kwenye kanuni yake mpya ya mvutano, na tarehe 29 Mei 1919, Jua lilipopatwa, nuru ya nyota ikapimwa ikipinda, mojawapo ya vituo vya kupimia kikiwa kisiwa cha Príncipe, hapahapa Afrika.

Wafanyabiashara mlioko hapa mnaijua habari hii bila sayari. Gunia linapimwa kilimani Numbi, linapimwa tena Bukavu, na kilo hazilingani. Ama kuna mkono umeingia njiani, ama mizani moja haisemi kweli. Mwenye busara hachagui kabla ya kuchunguza, lakini pia hasemi kwamba hakuna kilichotokea.

Hoja ya pili ni ya mbingu. Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakimbia kwa kasi ambayo ingezitawanya zamani kama zingeshikwa na uzito wa nyota zake tu. Miaka ya 1970 Vera Rubin akaona jambo la jamii hiyo ndani ya galaksi mojamoja: nyota za pembeni zinakwenda upesi mno. Na katikati ya kazi hizo kuna jina la Kiswahili, ambalo walimu wetu hawalitaji vya kutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliposherehekea uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya X ya mbinguni. Ikaitwa Uhuru. Ilionyesha kwamba chanzo cha miali ya X kiitwacho Cygnus X-1 kinapepesa upesi ajabu, na ushahidi huo ukawa mwanzo wa kukubali kwamba kuna shimo jeusi pale. Ilionyesha pia kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali. Gesi ya joto kama hilo ingetoroka kama mvuke kwenye sufuria isiyo na kifuniko, ila imeshikwa, na kinachoishika ni uzito mkubwa kuliko wote tunaouona.

Tokeni ufukweni usiku usio na mwezi mtazame wavuvi wa sambaza. Mtumbwi hauonekani, wala wavu, wala mvuvi. Zinaonekana taa tu. Lakini ukizitazama kwa muda utagundua taa za kundi moja hazikaribiani wala haziachani; zikipanda na wimbi zinapanda pamoja, zikigeuka zinageuka pamoja. Mgeni asiyewahi kuona mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu anaweza kukisia kwamba kuna mti gizani unaozifunga, na atakuwa amekisia vyema. Nyota ni taa hizo. Mti unaozifunga wanasayansi wameuita maada giza, na hesabu ya leo inasema hivi: vitu vya kawaida, yaani atomu za mwili wangu, za ziwa na za nyota zote, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu, maada giza ni kama asilimia 27, na kiasi cha asilimia 68 kinachobaki kinaitwa nishati giza, kwa sababu mwaka 1998 iligunduliwa kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kasi badala ya kupungua.

Mpinzani wangu atasimama hapa, na ana haki: pengine hii ni Neptune nyingine, kitu tu kimekosekana, na kanuni zimesimama. Nakubali nusu. Pengine ni kitu. Lakini kitu chenyewe ni nini? Orodha ya chembe za msingi tuliyo nayo ilikamilika tarehe 4 Julai 2012, maabara ya chembe ya CERN ilipotangaza kuipata chembe ya Higgs. Katika orodha hiyo hakuna hata moja inayofaa kuwa maada giza: iwe nyingi, isitoe nuru, isivunjike, iende polepole. Neptune ilikuwa mawe na gesi, vitu vilivyokwisha kujulikana. Maada giza, ikiwa ni kitu, ni kitu kisicho na kifungu katika sheria zetu, na kuingiza chembe mpya ni kuandika kanuni mpya ya namna inavyogusana na nyingine. Na ikiwa si kitu, basi kanuni ya mvutano yenyewe ndiyo inayohitaji marekebisho. Njia zote mbili zinatufikisha mlango uleule.

Hoja ya tatu haihitaji mbingu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa imepimwa chini ya ardhi, mahali ambapo wachimbaji wetu wangejiona nyumbani. Neutrino ni chembe inayopita ndani ya dunia nzima karibu bila kugusa kitu. Ili kuisikia, lazima ushuke mahali ambapo mwamba unazuia kelele za miali ya angani. Mwaka 1965 neutrino za asili zilinaswa kwa mara ya kwanza ndani ya migodi miwili ya dhahabu, mmoja Afrika Kusini kwenye kina cha zaidi ya kilomita 3, mwingine India. Nadharia rasmi ya chembe ilisema neutrino haina uzito wowote. Mwaka 1998 mtambo wa Super-Kamiokande huko Japani, tangi la tani 50,000 za maji safi ndani ya mlima, ukaonyesha kwamba neutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na chembe isiyo na uzito isingeweza kubadilika hivyo. Kanada ikathibitisha kwa njia nyingine. Tuzo ya Nobel ikatolewa mwaka 2015. Kwa hiyo tunayo nadharia bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa, na tunao ushahidi wa maabara kwamba mahali pamoja inasema uongo.

Mtu atasema: ongezeni mstari mmoja kwenye mlinganyo, mambo yaishe. Shida ni kwamba ipo mistari miwili inayowezekana, nayo haisemi jambo moja. Mmoja unasema neutrino ina pacha wake wa kinyume kama elektroni ilivyo na wake. Mwingine, wa Ettore Majorana wa Italia, unasema neutrino ndiyo pacha wake mwenyewe. Hakuna ajuaye ni upi. Na swali hilo si dogo: huenda ndimo ilimo sababu ya ulimwengu kuwa na maada iliyobaki, badala ya maada na antimaada kuteketezana zote mwanzoni tukakosa hata mahali pa kufanyia mkutano huu.

Sitakaa sana kwenye ugomvi wa mvutano na fizikia ya kwantamu, maana magazeti yameuchosha. Itoshe kusema kwamba kanuni ya vitu vikubwa na kanuni ya vitu vidogo, zikilazimishwa kukutana katikati ya shimo jeusi, zinatoa jibu lisilo na mwisho. Jibu la namna hiyo ni alama ya ukomo wa kanuni.

Sasa nije kwenye jiwe, maana nimeona baadhi yenu mnaanza kutazama saa.

Koltani inayotoka vilima vya Numbi ina madini mawili yanayofanana kiasi kwamba wanakemia walichukua miongo kadhaa kuyatenganisha kwa uhakika: niobi na tantalamu. Niobi, ikichanganywa na titani, ndiyo inayotengeneza nyaya za sumaku kuu za mtambo wa CERN, ule mviringo wa kilomita 27. Tantalamu tunaambiwa inakwenda kwenye simu, na ni kweli. Lakini ndani ya tantalamu yoyote, iwe ya Numbi au ya Australia, katika kila atomu 8,000 na kidogo kuna moja ya ajabu, yenye alama Ta-180m. Kwa kawaida kiini cha atomu kikipata nishati ya ziada ni kama jiwe lililowekwa kwenye mteremko mkali: huanguka papo hapo, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Hiki kimekaa juu ya mteremko tangu kabla ya dunia kuwapo. Kinachokizuia ni mzunguko wake wa ndani. Ili kishuke, lazima kiachilie mzunguko mwingi kwa mara moja, jambo ambalo kwa kanuni tunazozijua ni gumu kupita kiasi. Kikishuka, hakidumu hata siku: nusu yake huvunjika ndani ya saa 8 hivi. Yaani kilicho juu kinadumu, kilicho chini kinakufa. Katika viini vyote vya asili, ni hiki peke yake chenye tabia hiyo.

Wanafizikia wakajiuliza: ikiwa maada giza inapita hapa usiku na mchana, je, haiwezi kukisukuma kiini hiki kikaanguka? Wakachukua tantalamu, kama kilo 17, wakaishusha karibu kilomita moja na nusu ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, wakaizungushia vipokezi vya jerimani vilivyokuwa vimejengwa kwa ajili ya lile swali la Majorana. Wakasubiri. Matokeo ya mwaka 2023 yanasema: hakuna hata kiini kimoja kilichoonekana kikianguka. Umri wa kiini hicho basi unapita umri wa ulimwengu zaidi ya mara milioni moja. Ukimya huo ni kipimo. Kila aina ya maada giza ambayo ingekwisha kukiangusha imefutwa kwenye orodha ya washukiwa.

Hapo nawajibu wale wanaosema kwamba kanuni zilizobaki, hata kama zipo, zimejificha mahali ambapo panahitaji mtambo wenye ukubwa wa dunia. Baadhi yake, pengine. Lakini ile setilaiti ya Uhuru haikufika kilo 150. Kilo 17 za tantalamu kijana mmoja anaziteremsha mgongoni kutoka Numbi, tena anaimba.

Kuna pingamizi la kweli zaidi. Mara nyingi hesabu imeonekana kukataa kufunga, kisha ikafunga. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba neutrino zimeipita nuru mbio. Ikaja kuonekana kwamba waya wa mtambo haukuwa umekazwa vizuri. Mwaka 2015 CERN iliona dalili ya chembe mpya. Mwaka uliofuata takwimu zikaongezeka, dalili ikayeyuka. Sasa kwa nini niamini mapengo niliyoyataja? Kwa sababu yale yaliyeyuka yalipotazamwa tena, na haya yanakomaa yakitazamwa tena. Pengo la Zwicky lina zaidi ya miaka 90. Limepimwa kwa galaksi, kwa gesi, kwa nuru inayopinda, na kila njia inaleta kiasi kilekile. Uzito wa neutrino umethibitishwa kwa neutrino za Jua, za angani, za mitambo ya nyuklia na za maabara. Waya uliolegea hauwezi kulegea namna moja katika nchi mbalimbali.

Basi inatuhusu nini sisi? Swali hilo sitalikwepa, ila nitalijibu kwa tarehe. Nyutroni iligunduliwa mwaka 1932. Kupasuka kwa kiini cha urani kuligunduliwa Desemba 1938. Tarehe 2 Agosti 1939 Einstein alitia saini barua kwa rais wa Marekani, na barua hiyo ilitaja Kongo kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la urani. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zikapelekwa New York kwa meli, na mwezi wa Agosti 1945 dunia nzima ikajua kwa nini. Haikutimia hata miaka saba kutoka maabara hadi Hiroshima, na waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Kanuni mpya ya asili ikigunduliwa hubadilisha bei ya mawe na hatima ya wanaokaa juu yake. Kuijua ikiwa imechelewa ni gharama tumekwisha kuilipa mara moja.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Kinshasa ilikuwa na kinu cha nyuklia cha utafiti mwaka 1959, cha kwanza Afrika. Na kwenye barabara hii hii ya Bukavu, Lwiro, ilijengwa taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni kituo chetu cha utafiti wa sayansi asilia, na kazi ya kusikiliza mitetemo ya ardhi ina historia ndefu pale. Anayeweza kutofautisha tetemeko la mbali na gari lililopita barabarani ana nusu ya ufundi unaotakiwa katika mgodi wa South Dakota.

Ombi langu ni kwa walimu wa fizikia. Mtakapofika kwenye somo la kiini cha atomu, leteni kipande cha koltani darasani, kipitisheni mkono kwa mkono, muandike ubaoni Ta-180m. Waambieni wanafunzi kwamba wameshika kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona kikianguka, kisha muwape hesabu ya kutafuta ni viini vingapi vya namna hiyo vimo katika kipande hicho. Karatasi ya hesabu hiyo nimemwachia katibu wa mkutano, na nakala zipo za kutosha.